Maelezo ya Nyongeza Kuhusu Spika ya Kushoto

KITUO CHA POLISI – CHUMBA CHA UPELELEZI
MAELEZO YA NYONGEZA YA SHAHIDI

Jina: Fundi Antena, ndivyo ninavyofahamika na kila mtu
Umri: Miaka 54
Kazi: Fundi wa redio, amplifaya na vifaa vya umeme
Elimu: Darasa la sita na nusu ya la saba
Makazi: Chumba nyuma ya karakana yangu, mkabala na ghala la mbao
Uhusiano na mtuhumiwa: Ni mpwa wangu, binti wa dada yangu
Tarehe: 5 mwezi wa nne, Jumamosi
Muda wa kuanza: Saa 4:15 asubuhi

Nimeonywa na afande kwamba kusema uongo katika maelezo ni kosa na naweza kushtakiwa. Nimeelewa. Juzi Alhamisi, tarehe 3, nilionywa hivyohivyo na afande huyuhuyu, nikaitikia kwa kichwa, halafu nikasema uongo kurasa nne.

Leo sikuitwa, nimekuja mwenyewe. Nilifika saa 1:30 asubuhi. Afande aliniambia nirudi Jumatatu kwa sababu leo wako wachache. Nikamwambia Jumatatu faili la mpwa wangu linakwenda kwa mwendesha mashtaka, na kwamba mimi sitoki kwenye benchi la korido hata waje kupaka ukuta rangi, watanipaka na mimi. Saa 4:15 alinyoosha mgongo akachukua kalamu.

Kwanza naomba yale ya Alhamisi yasahihishwe. Nilisema kwamba wimbo unaogombaniwa niliumiksi mimi, kwenye karakana yangu, kwa mtambo niliouunda kwa mikono yangu. Sikuumiksi. Sijui kumiksi. Afande aliponiuliza kumiksi ni nini nilimjibu ni kuunganisha nyaya za rangi mbili, na naona jibu hilo limeandikwa kama lilivyo. Nilisema pia kwamba nilifunga mitambo ya sauti ya uwanja wa mpira wa watu elfu arobaini. Nilifunga spika mbili kwenye mkutano wa wazazi shuleni, na moja ilikataa. Kwamba naweza kusikia beringi ya gari iliyochakaa nikiwa mtaa wa tatu, hilo naomba libaki. Hilo ni kweli, ila mtaa ni wa pili.

Nilisema hayo nikidhani namsaidia. Nilijua yeye ni msichana mmoja dhidi ya mtu mwenye studio, nikaona akisimama mwanaume mzima mwenye jina lake, mambo yatageuka. Yaligeuka kweli. Afande alimwambia mpwa wangu, nikiwa nasikia, "Wewe unasema uliumiksi wewe, mjomba wako anasema yeye. Tumwamini nani katika nyinyi waongo wawili?" Mpwa wangu hakuwa mwongo. Mwongo alikuwa mmoja.

Sasa naeleza mambo kwa mpangilio wake.

Mpwa wangu ana miaka ishirini na saba. Kazi yake ni kumiksi nyimbo, yaani mwimbaji na wapiga vyombo wakisharekodi, kila sauti ikiwa peke yake, yeye ndiye anayezipanga. Ipi mbele, ipi nyuma, besi iwe kiasi gani, ngoma isimfunike mwimbaji. Alifanya kazi hiyo miaka miwili kwenye studio ya mtu tunayemwita Bosi Vioo, kwa sababu studio yake ina vioo kila mahali hata mlango wa choo. Mwezi wa kwanza mwaka huu aliacha kazi akaanza kujitegemea nyumbani kwa mama yake, kwenye chumba cha uani.

Chumba hicho nimekifunga nyaya mimi. Kina kuta za saruji na paa la bati, na nyuma yake yuko fundi wa kuchomea mageti. Ukiweka spika humo, besi inagonga ukuta inarudi mara mbili. Ndiyo maana anafanya kazi kwa hedifoni, zile kubwa nyeusi zinazofunika sikio lote, ambazo sasa ziko hapa kituoni kama kielelezo.

Siku moja nilimuuliza kama hedifoni zinasema kweli kuliko spika. Alinijibu, "Hedifoni nazo ni waongo, mjomba. Hizi zinaongeza besi na kuficha sauti za katikati. Lakini zinadanganya uongo uleule kila siku, na uongo ukishaujua unausahihisha." Akanionyesha programu kwenye kompyuta yake. Programu hiyo inajua hedifoni za aina ile zinakosea wapi. Zinapopandisha, yenyewe inashusha, na zinaposhusha, inapandisha, mpaka kinachofika sikioni kiwe sawasawa.

"Kama tunavyokusikiliza wewe," akasema. "Ukisema watu mia, mama anagawa kwa kumi. Ukisema nyoka, tunaangalia kama kuna mjusi."

Nilicheka. Nilikuwa nimezoea kusemwa hivyo na nilikuwa nikilipenda jambo hilo.

Mnamo tarehe 8 mwezi wa tatu, Jumamosi, mpwa wangu alikwenda kumsalimia shangazi yake akashinda huko. Dada yangu aliniita nitengeneze soketi ya chumba cha uani. Nilifika saa 7 mchana, nikaitengeneza kwa dakika kumi. Hedifoni zilikuwa zimetundikwa kwenye msumari. Nilizichukua bila kumwomba mtu.

Saa 9 alasiri nilikuwa kwa kinyozi, ambaye kibanda chake kinapakana na karakana yangu. Walikuwepo wateja kama kumi na tano. Afande ameniangalia. Walikuwa wanne. Niliwaambia hedifoni zile zinatumiwa na mpwa wangu, na kwamba mimi ndiye ninayezipima, na kwamba zinaweza kubeba amplifaya nzima bila kutetereka.

Kinyozi alisema, "Fundi, hicho kidude hakibebi hata pumzi yako."

"Lete waya," nikamwambia.

"Nilete waya, halafu zikiungua utasema ni mimi."

"Zikiungua mimi si fundi."

Watu walicheka. Nilileta amplifaya yangu ya wati mia mbili, nikaziunga mahali pa kuunga spika kubwa. Nilijua hapafai. Hata mwanafunzi wa ufundi wa miezi sita anajua hapafai. Nilianza na upande wa kushoto na nikapandisha sauti mpaka nusu. Ulitoka mlio mmoja mfupi, kisha harufu kama ya nywele zilizoungua, na kwa vile tulikuwa kwa kinyozi hakuna aliyeshtuka. Niliizima amplifaya. Niliwaambia jaribio limekwisha na limefaulu. Kinyozi alinitazama kwenye kioo akaendelea kunyoa.

Tarehe 9, Jumapili, saa 12:30 asubuhi, nilifungua upande wa kushoto kwenye karakana yangu nikiwa peke yangu. Spika ya ndani ilikuwa imeungua. Mahali pake niliweka spika niliyoitoa kwenye hedifoni ya zamani ya kijivu, ambayo mtu aliniachia miaka mingi na hakurudi kuichukua. Haikuwa ya kipimo kile. Niliikata ukingo kwa mkasi, nikaigandisha kwa gundi ya mbao, nikalehemu nyaya, nikarudisha mto wa sikio. Kwa macho huoni kitu. Mimi mwenyewe nilijisifu. Saa 2 asubuhi nilizirudisha kwenye msumari.

Spika niliyoiweka ni dhaifu. Besi yake ni kidogo na sauti za juu inazitoa kwa kelele. Jambo hili hakuna aliyelijua mpaka leo. Mpwa wangu hajui. Dada yangu hajui. Kinyozi anahisi.

Tarehe 12, Jumatano, saa 11 jioni, mpwa wangu alikuja karakana. Hakuingia, alisimama mlangoni.

"Mjomba, nikikuuliza kitu usiniletee hadithi."

"Uliza, mwanangu."

"Sikio moja linaweza kufa bila kuuma?"

Nilimuuliza kwa nini. Akasema tangu Jumatatu kila wimbo anaousikiliza umelalia kulia, na kushoto anasikia kama mtu anaongea nyuma ya blanketi. Alikuwa amejaribu nyimbo anazozijua tangu utoto. Zote zimelala.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilikuwa nimeshika bisibisi, na pale mezani kulikuwa na ganda la ile hedifoni ya kijivu. Badala yake nilimwambia, "Sikio la kufa halisikii dawa," nikacheka.

Hakucheka. Aliweka kiganja kwenye sikio la kushoto, akaondoka.

Afande ameniuliza kama hakujaribu hedifoni nyingine. Hakuwa nazo. Na mtu anayeogopa hapimi kwanza chombo, anajipima mwenyewe. Alikuwa anazijua hedifoni zake kuliko anavyonijua mimi.

Siku zilizofuata hakufanya kazi. Alirudisha kazi ya mteja mmoja aliyetaka matangazo, akamwambia anaumwa. Dada yangu aliniambia amemkuta uani kwenye bomba, amelifungua kidogo lidondoke, anasikiliza matone kwa sikio la kulia, kisha anageuka anasikiliza kwa la kushoto, kisha anarudia. Dada yangu alisema, "Kaka, wewe ni mtu wa sauti. Zungumza naye." Nilimwambia ni uchovu.

Tarehe 20, Alhamisi, alikwenda hospitali ya masikio. Alipangiwa saa 3 asubuhi, akaingia saa 6. Walimfungia kwenye kijumba kidogo, wakamvisha hedifoni za hospitali, akawa anabonyeza kitufe kila anaposikia mlio. Saa 8 mchana alikuja karakana anakimbia, karatasi mkononi.

"Mazima, mjomba. Yote mawili. Daktari amesema hajaona masikio kama haya mwaka huu. Ni hedifoni, zimechoka upande mmoja."

Alinikumbatia mbele ya wateja. Nilimwambia, "Nilijua."

Katika mwezi ule wote hilo ndilo neno la kweli pekee nililomwambia, na hakulielewa.

Hakuwa na uwezo wa kupata hedifoni nyingine upesi, na alikuwa na kazi muhimu. Kuna mwimbaji mmoja, ni muuguzi, ambaye alirekodi wimbo kwa Bosi Vioo. Hakupenda namna walivyoumiksi. Alichukua sauti zote zilizorekodiwa, ambazo ni mali yake, akampelekea mpwa wangu, akamwambia ukiutengeneza huu vizuri nitakupa nyimbo zangu zote kumi na mbili. Kwa mtu aliyeacha kazi kwenda kujitegemea, hiyo ndiyo nafasi. Hakuna ya pili.

Kwa hiyo aliamua kuisahihisha ile hedifoni iliyolala kwa kutumia ile ile programu. Mpangilio wake wa kiwandani, uliotengenezwa kwa hedifoni za aina hiyo, ulikuwa haufai tena. Alitakiwa apime hii yake peke yake. Tarehe 22, Jumamosi, aliniita nimsaidie kuandika.

Tulianza saa 4 asubuhi, tukamaliza saa 8 kasoro. Fundi mageti aliombwa asichomee, akakubali kwa sharti la kupewa chai, akaja kuinywa humohumo chumbani akituangalia kama tunaloga. Mpwa wangu alipiga mlio mmoja mzito, kama wa nyuki mkubwa, masikio yote mawili. Kama unasikika kulia, anapandisha kushoto kwenye programu kidogo kidogo mpaka mlio ukae katikati ya paji la uso. Halafu ananitajia namba, naandika. Halafu mlio wa juu yake kidogo. Milio thelathini na mmoja, na kila mmoja aliurudia mara mbili.

Niliandika kwenye daftari langu la karakana, kurasa mbili, kwa mwandiko wangu, tarehe juu. Nimelileta. Ukisoma utaona kwenye mlio mzito wa herzi sitini nimeandika "kushoto, ongeza sita," maana yake desibeli sita, kipimo cha ukubwa wa sauti. Kwenye ule wa juu wa elfu tatu nimeandika "kushoto, punguza tatu." Penye doa ni chai ya fundi mageti.

Kila namba aliyoitaja nilijua imetoka wapi. Ile sita ilikuwa besi ambayo spika yangu ya kijivu haina. Ile tatu ilikuwa kelele zake. Alikuwa ananisomea kosa langu, mlio kwa mlio, na mimi naandika, na anasema, "Mjomba, leo umetulia sana."

Tarehe 25, Jumanne, alimaliza kuumiksi wimbo saa 10 alasiri. Alinipa nisikilize. Sitatia chumvi. Sauti ya yule muuguzi ilikuwa katikati kabisa, kama amekaa mbele yako na mmegusana magoti. Kisha mpwa wangu akautoa wimbo kwenye kompyuta, akauweka kwenye flashi.

Hapo alifanya kosa. Ile programu ni ya kusahihisha hedifoni tu, haitakiwi kuingia kwenye wimbo. Ukimaliza unaizima ndipo unautoa wimbo. Alisahau kuizima. Kosa hilo ni la watu wa kazi yao, na aliniambia kila mmoja wao amelifanya angalau mara moja. Ni sawa na mtu kuisahihisha miwani yake kwa kupaka picha rangi. Yeye mwenye miwani anaona picha nzuri, wengine wanaona matope.

Tarehe 26, Jumatano, saa 4 asubuhi, alipeleka flashi kwa Bosi Vioo, kwa sababu mwimbaji alitaka kuusikia kwenye spika kubwa za studio aliyorekodia. Nilimsindikiza, nikabaki sebuleni, nikiwaona kupitia kioo. Walipoupiga, mpwa wangu alishika kichwa. Besi yote ilikuwa imekaa kushoto. Nilimsikia akisema, "Samahani, nimesahau kuzima programu. Kesho naleta mwingine." Mwimbaji akasema hakuna neno. Bosi Vioo akasema, "Acha tu flashi hapo mezani." Mpwa wangu akaichukua, lakini kompyuta ya studio ilikuwa imeshanakili wimbo ili kuupiga.

Tarehe 27 alipeleka ulio sahihi kwa mwimbaji mwenyewe, nyumbani kwake. Lakini tarehe 31, Jumatatu, saa 6 mchana, redio ilipiga wimbo ule, na mtangazaji akasema umemiksiwa na Bosi Vioo. Nilikuwa karakana, nina redio saba zimewashwa. Kwenye ile yenye spika mbili besi ilikuwa kushoto. Ulikuwa ule wenye kosa.

Mpwa wangu alikwenda kumuuliza saa 9 siku ileile. Bosi Vioo alimwambia mbele ya watu, "Wewe ulikuwa unabeba nyaya hapa. Kumiksi umekuanza lini?" Kesho yake, tarehe 1, akaja hapa kituoni kusema kwamba mpwa wangu aliiba kazi hiyo kwenye kompyuta ya studio alipoacha kazi. Tarehe 2 kompyuta na hedifoni za mpwa wangu vilichukuliwa, naye akapewa dhamana kwa sharti la kuripoti kila asubuhi. Mwimbaji amesema hakumwona yeyote akiumiksi, anasubiri polisi waseme ukweli ni upi, ndipo aamue nyimbo zake atampa nani. Simlaumu.

Mpwa wangu alieleza habari ya programu. Bosi Vioo akajibu kwamba besi kukaa kushoto ni mtindo wake. Akaleta na hedifoni, nyeusi, aina ileile, akasema, "Hizi ninazo tatu. Zinauzwa kila duka. Kama wimbo umesahihishwa kwa hedifoni za namna hii, basi ni zangu." Na ninakubali kwamba kwa mtu asiyejua, hoja hiyo imesimama. Mpwa wangu na yeye hajui tofauti iko wapi. Anadhani zake zimechoka tu.

Jibu ninalo mimi. Hedifoni za Bosi Vioo zina spika mbili za kiwandani. Za mpwa wangu zina moja ya kiwandani na moja niliyoikata kwa mkasi. Hakuna nyingine duniani, na ninasema duniani bila kutia chumvi, kwa sababu hakuna fundi mwingine mpumbavu kiasi hicho. Wimbo wenye kosa hauwezi kusikika sawasawa popote isipokuwa kwenye hizo.

Afande akasema, "Leo tena usinipotezee muda." Nikamwambia vielelezo viko kabatini kwake, avitoe ajaribu mwenyewe, mimi nitakaa kona na mikono nyuma. Saa 5:40 alivitoa. Programu ilikuwa imezimwa na sikugusa kitu. Alimwita askari wa kike wa mapokezi, akamvisha kwanza hedifoni alizoleta Bosi Vioo, akampigia wimbo uliotoka redioni.

"Uko wapi?" afande akauliza.

"Mimi niko hapa."

"Wimbo."

"Umeegemea kushoto. Kama gari lenye tairi bovu."

Akamvisha za mpwa wangu, wimbo uleule. Askari alifumba macho. Akasema, "Katikati," akagusa paji la uso. Afande akazivaa mwenyewe. Halafu akafanya jambo ambalo mimi sikuwa nimelifikiria. Alichukua simu yake akapiga wimbo mwingine, wa kwake anaoupenda, kwenye hedifoni hizohizo, na huo ukalala kulia. Akauzima. Alikaa akitazama daftari langu.

Kisha nikaomba bisibisi. Nilifungua upande wa kushoto mbele yao kwa dakika tatu. Spika ya kushoto ni ya kijivu, ukingo wake umekatwa vibaya, gundi imemwagikia kwenye waya. Nikafungua wa kulia. Hiyo ni nyeusi na safi, ina namba ya kiwanda. Nimeweka mezani pia ganda la hedifoni ya kijivu nilikoitoa, na ile iliyoungua.

Swali la afande: Kwa nini hukusema haya siku zote hizo?

Jibu: Niliona aibu. Nilitaka kutoa jibu refu zaidi lakini ndilo hilo.

Swali: Hata alipodhani sikio lake linakufa?

Jibu: Hata hapo.

Swali: Unajua kwamba maelezo haya atayasoma?

Jibu: Najua. Yuko kwenye korido, amekuja kuripoti na bado anasubiri. Nimempita nikiingia akanisalimia shikamoo.

Swali: Kuna lolote unataka lipunguzwe?

Jibu: Hapana. Afande amenishauri kwamba habari ya hospitali si lazima iwemo, kwa kuwa kesi inaweza kusimama bila hiyo. Nimekataa. Mtu akisoma kwamba nilibadilisha spika ataona ni ufundi mbaya, atacheka, hata mimi nitakuja kuigeuza hadithi nzuri, najijua. Habari ya hospitali haigeuki hadithi. Iandikwe na ibaki.

Nipo tayari kuyasema haya mahakamani mbele ya Bosi Vioo, na mbele ya kinyozi pia. Kwa maelezo ya uongo ya tarehe 3, kama kuna adhabu, nipewe mimi.

Nimesomewa yote, nimeyasikia kwa masikio yangu mawili, na hakuna neno la kuongeza wala la kugawa. Haya ndiyo maelezo yangu.

Saini ya shahidi: (imewekwa)
Muda wa kumaliza: Saa 7:20 mchana

MAELEZO YA AFISA

Nathibitisha kwamba nimeyaandika maelezo haya mimi mwenyewe kama shahidi alivyoyatoa, kwa hiari yake. Jaribio la kusikiliza lilifanyika kama lilivyoelezwa na lilirudiwa mara tatu kwa matokeo yaleyale. Daftari, spika mbili na ganda la hedifoni ya kijivu vimepokewa kama vielelezo. Fundi wa sauti asiyehusika na upande wowote ataombwa kulinganisha namba za daftari na nyimbo zote mbili. Faili halitapelekwa Jumatatu. Mlalamikaji ameitwa kufika siku hiyo saa 3 asubuhi kutoa maelezo zaidi.

Kwa ombi la shahidi, mtuhumiwa alipewa maelezo haya ayasome mwenyewe. Aliyasoma kwenye benchi la korido, shahidi akiwa amesimama karibu na mlango. Alirudi mara mbili kwenye ukurasa wa pili, penye habari ya sikio na hospitali. Alipomaliza alinikabidhi karatasi na kuniuliza kama anaweza kwenda. Nilimjibu ndiyo, na kwamba hana haja ya kuripoti kesho.

Walitoka saa 8:05 mchana, mtuhumiwa mbele, shahidi nyuma kwa hatua kama kumi. Alipofika langoni alisimama, hakugeuka, akamngoja.